Jua la Mbeya halifuati saa za Dar

Ndugu Mhariri,

Nauza chai na chapati Mbalizi, mwaka wa kumi na tisa huu. Jumamosi na Jumapili asubuhi wateja wangu wa kwanza siku hizi ni vijana wanaoshuka kutoka Kilele cha Mbeya, midomo imewapasuka kwa baridi, wengine wamejitanda mataulo ya gesti mabegani. Wametoka kuangalia jua linavyochomoza. Wala siwacheki. Mlima ule nimeupanda tangu msichana tukifuata kuni, na jua lake mpaka leo nalipenda. Kinachonifanya niandike ni saa wanazoondokea.

Mwezi wa saba mtoto wa mdogo wangu alikuja kutoka Dar na wenzake watano wa kazini. Walikuwa wamemlipa mtu anayepanga safari za namna hiyo, na ratiba wakatumiwa kwenye simu: kuanza kupanda saa sita usiku. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni mapema mno, ondokeni saa tisa. Akasema, "Mama Mkubwa, tukichelewa tutalikosa jua." Yule kiongozi wao akadakia kwamba mama anaogopa giza. Basi nikafunga kibanda, nikajaza chupa chai ya tangawizi, nikavaa koti la marehemu mume wangu, nikaongozana nao.

Hebu nipigieni hesabu. Ukipandia upande wa Lunji, njia inapita kwenye mikaratusi na mwinamo wake hauna huruma, lakini hata mtu asiyezoea anafika juu kwa saa tatu. Ukianza saa sita, saa tisa uko kileleni. Na jua la huku mwezi wa saba linatoka saa moja. Dar wakati huo wenzetu wameshaliona tangu saa kumi na mbili na nusu na dakika zake chache. Sisi tunaofunga Ramadhani hili hatuhitaji kufundishwa: redioni unasikia Dar wanafuturu, wewe uko Mbeya na tende mkononi, unasubiri dakika ishirini na kitu ndipo uitie mdomoni. Tuko magharibi yao, jua linawaanza wao. Aliyeandika ratiba ile nina hakika aliiandika akiwa Kinondoni, feni inazunguka.

Kwa hiyo tukafika saa tisa na dakika kumi, tukaanza kungoja. Muda wa saa nne kasoro.

Watu wanadhani kazi ya mlima ni kupanda. Kupanda kunakupasha moto, unatoka jasho, unavua sweta unalifunga kiunoni. Balaa linaanza ukisimama. Wale vijana walikuwa na fulana za pamba, zimelowa chapachapa mgongoni, na pale juu hakuna mti wala jiwe la maana la kujikinga, ni majani na upepo. Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wangu wa chapati, huwa anasema kila ukipanda mita 1,000 unapoteza nyuzi joto 6 hivi. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700, kilele kimepita 2,800. Ukitoka mjini unatetemeka, juu utafanyaje?

Saa kumi na nusu binti mmoja akaacha kuongea. Kabla ya hapo alikuwa anatetemeka na kulalamika, na huyo hakunitisha, anayelalamika bado mzima. Nilishtuka aliponyamaza. Nikamuuliza jina lake, ulimi ukawa mzito kama wa mlevi. Vidole havikuweza kufungua zipu ya begi lake mwenyewe. Nikawafukuza wanaume wageuke upande mwingine, nikamvua fulana ile mbichi, nikamvika koti la marehemu juu ya ngozi, nikamkalisha katikati yetu sote tumeupa upepo migongo, nikamnywesha chai kidogokidogo. Ina sukari nyingi chai yangu, wateja huwa wananisema. Usiku ule hakuna aliyesema.

Wakati mimi nahangaika naye, kiongozi wetu yeye akawasha moto. Mhariri, nyasi za kileleni mwezi wa saba ukizishika zinalia. Alikusanya mafungu mawili akayatia kiberiti, na upepo haukumpa hata nafasi ya kunyoosha mikono aote. Moto ukaruka hatua tano, kumi, ukielekea kule chini kwenye miti. Tuliupiga kwa mabegi, kwa viatu, mimi kwa khanga yangu ya pili, mpaka ukafa. Kiraka cheusi kilichobaki kinatosha kuanikia mahindi ya gunia zima. Mwaka huu nimeona viraka vya namna hiyo vitatu pale juu, na wenyewe wanaviita "kambi". Chini ya nyasi zile kuna msitu wa hifadhi, na ndani yake ndimo zinamotoka chemchemi tunazokunywa huku.

Saa kumi na mbili kasoro nikaswali alfajiri nikiwa nimekaa, maana kusimama nilishindwa kwa upepo. Kisha weupe ukaja, taa za Mbeya mjini zikaanza kufifia, na saa moja, labda zilipungua dakika mbili tatu, jua likachungulia kushoto kwa mlima Loleza, upande wa Usangu. Wote simu juu. Nikawaambia geukeni nyuma. Hakuna aliyegeuka isipokuwa yule binti mwenye koti langu. Huko nyuma, kuelekea Mbozi, kivuli cha mlima wetu kilikuwa kimelala juu ya bonde zima, kimechongoka kama paa la nyumba, kinafupika huku unakiangalia. Akasema, "Mama, kumbe na sisi tumo mle kwenye ncha." Hakupiga picha.

Ninyi mnaopanga safari hizi, ondokeni saa tisa usiku, hata tisa na nusu kama watu wana miguu. Kila mmoja abebe fulana kavu ndani ya mfuko wa nailoni na asiivae mpaka afike juu. Moto marufuku, na anayeona hawezi bila moto angoje mwezi wa kumi na mbili, ingawa mawingu nayo hayatamwacha aone kitu. Na mchukueni kijana wa vijiji vya pale chini awaongoze, mmlipe vizuri. Yeye hahitaji ratiba ya simu, majogoo yanamtosha.

Kwa upande wangu, Jumamosi nitakuwa nafungua saa nane usiku, chai ipo. Na aliyeshuka na chupa yangu, ya bluu, kifuniko kimepasuka, najua imeshafika Dar. Aipe basi lolote la Tunduma, konda aishushe Mbalizi.

Mama Muuza Chai,
Mbalizi, Mbeya