Gari sina lakini pakingi nalipia

Mhariri, nipatie nafasi kidogo niongee haya mambo ya pakingi kwa maflati, maana kila mtu analia rent imepanda na hakuna mwenye anauliza hiyo pesa inalipia nini.

Mimi nakaa Kasarani, ghorofa ya nne. Nikiingia landilodi aliniambia nyumba iko na pakingi yake, namba 14, imepakwa rangi ya njano hapo chini. Sasa gari sina, sijawahi kuwa nayo, nikamwambia basi nipunguzie akacheka, ati hiyo imehesabiwa ndani ya rent. Kwa hivyo namba 14 ndiyo mama watoto huanikia blanketi Jumamosi, na siku zingine jamaa wa ghorofa ya pili mwenye ako na Probox mbili anaegesha hapo, bure, na mwenye kulipa ni mimi.

Siku moja nikaomba tepu ya fundi nikapima. Mita 2.5 kwa 5. Hiyo ni mita mraba 12.5, na bado hujahesabu mahali pa kuingilia na kupindia gari. Ukiweka zote hizo, bedsita nilianzia maisha kule Zimmerman ni ndogo, na tulikuwa tunalala wawili! Na hiyo ni pakingi ya juu tu, ukienda zile za Kilimani za kuchimba chini, kupasua mawe na kumwaga zege, mnadhani bili inamwendea nani?

Wenzetu walishaona hii kitu. London waliacha kulazimisha wenye kujenga nyumba waweke pakingi 2004, wakaanza kuweka kiwango cha mwisho ambacho hupaswi kupita, Mexico City nao 2017, na mwaka huo huo Buffalo kule Marekani, mji wa watu wa magari kabisa, nao wakaacha kulazimisha. Sisi wa miguu na mathree ndio tunalazimishiana.

Najua mtaniambia magari yatajaa barabarani. Ni kweli, hata saa hii rodi ya nyuma yetu yamepangwa huku na huku mpaka boza ya maji haipiti, na jirani wangu wa teksi ameng'olewa side mirror mara mbili. Huyo gari ndiyo shamba lake, apewe pakingi alipie kivyake, nami nipunguziwe. Na flati ikiwa karibu na steji ijengwe bila pakingi hata moja, chini kuwe na kinyozi na mama mboga. Lakini kaunti nayo itengeneze njia ya miguu, juu mvua ikinyesha hapa kwetu unafika steji na matope mpaka magoti, na mtu akichoka hivyo atanunua gari hata ya mkopo.

Kwa sasa namba 14 iko wazi asubuhi mpaka jioni, mwenye anataka anitafute tuelewane, landilodi asijue. Isipokuwa Jumamosi.

Mpangaji,
Kasarani, Nairobi