Kilichofeli kambini ni betri, si watoto

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi, nikimaliza nalifungia samaki, na kalamu sijaishika hata siku moja. Lakini ile habari yenu ya juma lililopita kuhusu kambi ya roboti ya wanafunzi hapa Malindi imenishinda kunyamaza. Mwandishi wenu alisema timu nyingi hazikujiandaa, kwa kuwa magari yao madogo ya roboti yalisimama katikati ya uwanja. Kusimama yalisimama. Ila hakuuliza sababu, wala hakuinama kutazama chini ya gari hata moja.

Angeinama, angeona betri ya volti 9, ile ya pembe nne ambayo fundi huitia kwenye mita yake. Betri hiyo ni ya kitu kinachokunywa umeme kwa tone. Ujazo wake ni kama miliampia-saa 500 tu, na zile mota mbili za manjano, zikiwa zimesimama ndipo zianze kuzunguka, zinaweza kudai zaidi ya ampia moja kwa pamoja. Hapo volti zinaporomoka. Kiendeshi cha mota, L298N, yaani kibao kinachozipitishia mota umeme, nacho kinajikatia kama volti 2 kabla ya kuzipa mota chochote. Bodi ya Arduino Uno, ile kompyuta ndogo inayoliongoza gari, inataka angalau volti 7 kwenye tundu lake la kuingizia umeme. Ikizikosa inazima, inawaka upya, programu inarudi mstari wa kwanza, mota zinadai tena, bodi inazima tena. Anayetazama kwa mbali huona gari lina kwikwi, na kwikwi hiyo ndiyo mwandishi wenu aliyoiita kutojiandaa.

Watoto hawakuzichagua betri hizo, zilikuja ndani ya boksi la vifaa. Dawa yake inajulikana: betri mbili za 18650 (zile za lithiamu za mviringo, za kuchajiwa) zilizofuatanishwa, ambazo kwa pamoja hutoa volti 7.4 (zikijaa, 8.4), ziendeshe mota. Bodi ipewe umeme wake kando kwa pawabenki, na graundi, yaani upande hasi, za pande zote mbili ziunganishwe kwa waya, maana bila hivyo amri za bodi hazieleweki upande wa pili na mota hufanya zinavyotaka. Pawabenki yenyewe ijaribiwe usiku wa kuamkia mashindano kwa dakika kumi nzima, kwa sababu nyingi zikiona kinachonywewa ni kidogo huzima zenyewe, na Uno peke yake hunywa kidogo sana. Na anayenunua 18650 iliyoandikwa miliampia-saa 9900 ajue amenunua maandishi. Iliyo nzuri hukaa kwenye 3,000 na kitu.

Sasa nije kwa jua. Kambi nzima timu zilifanyia mazoezi darasani, pazia zimefungwa. Asubuhi ya fainali meza ya mashindano ikatolewa nje, ikawekwa chini ya mwarobaini, ili mgeni rasmi apigwe picha na bahari nyuma yake. Vihisi vya kufuata mstari hutoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, kisha hupima uliorudi: ubao mweupe huurudisha, utepe mweusi huumeza. Jua la hapa kwetu linamwaga infraredi hiyo hiyo, na kivuli cha mwarobaini kina matundu kama chujio la nazi. Gari likipita kwenye doa la jua, kihisi kinafurika, nyeusi inasomeka nyeupe, mstari unapotea. Wasichana wa shule moja ya mashambani walikuwa wameandika kizingiti, yaani namba inayotenganisha nyeusi na nyeupe, cha 500 kwenye programu yao (Uno husoma kuanzia 0 hadi 1023), kwa kuwa darasani utepe ulikuwa ukisomeka juu ya 800. Nje ukashuka chini ya 300. Wakaomba dakika tatu tu: wasome nyeupe, wasome nyeusi, wachukue katikati. Wakajibiwa kwamba kompyuta zimeshafungwa na ratiba imechelewa. Imecheleweshwa na nani? Na hotuba! Za karibu saa mbili, nyingine za watu ambao hata hawakungoja kuona gari moja likienda. Kisha mratibu akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba joto limechanganya vihisi. Joto! Joto hubadilisha mwendo wa sauti: kwenye nyuzi 32, sauti husafiri kama mita 350 kwa sekunde badala ya 343 za nyuzi 20. Kihisi cha kupima umbali kwa mwangwi hukosea hapo kama sentimita 2 katika mita moja, na gari la kufuata mstari wala halikuwa nacho! Mtoto wa kidato cha pili aliyeambiwa hivyo mbele ya watu anarudi kwao akiamini kwamba elektroniki ni bahati nasibu.

Na tukiwa papo hapo, vile vishikwambi vilivyoanza kugawiwa shule za msingi mwaka 2016 viko wapi? Shule ngapi vimefungiwa kabatini, chaja zimeliwa na chumvi ya pwani, na ufunguo anao mwalimu aliyehamishwa? Mtoto angejifunza kupanga amri kwenye hicho akiwa darasa la nne, asingekutana na neno kizingiti mara ya kwanza kambini, kwa siku tano, huku siku moja ikiliwa na kugawa fulana.

Ngomeni si mbali na hapa. Kutoka kwenye jukwaa lile la baharini, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ikaitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei angani. Leo, kaunti hiyo hiyo, tumeshindwa kutundika turubai.

Pendekezo langu ni dogo. Mwakani fulana zipunguzwe, pesa zinunue betri za kweli na vishikizi vyake, na turubai nzito jeusi, si lile la bluu linalopitisha mwanga. Kila programu ilazimishwe kujipimia nyeupe na nyeusi yenyewe katika sekunde tano za mwanzo, gari likitikisa kichwa kushoto na kulia juu ya mstari. Kuhusu wageni, tufuate kanuni za FIRST LEGO League, mashindano ya kimataifa ya roboti za watoto, ambako roboti hupewa dakika mbili na nusu na wanaosimama mezani huwekewa kikomo. Kila msemaji apewe dakika hizo hizo, jukwaani wasizidi wawili, na kengele ikilia umeme wa kipaza sauti ukatwe. Kipaza sauti chenyewe kitiwe betri ya volti 9. Ziko nyingi, zimebaki kwenye maboksi.

Fundi wa elektroniki,
Maweni, Malindi