Hrušínský si mchekeshaji tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimzungumzie Rudolf Hrušínský, mwigizaji wa Kicheki wa jukwaani na wa filamu. Vijana wa vikundi vyetu vya maigizo wanaotafuta filamu za zamani za Chekoslovakia mtandaoni humkuta kwanza katika Švejk, yule askari mtiifu kupita kiasi wa jeshi la Austria na Hungaria. Wanacheka, wanamweka fungu moja na wachekeshaji, basi. Hapo wanapoteza mwalimu.

Hata hiyo Švejk wengi huitazama vibaya. Ni filamu mbili za mwongozaji Karel Steklý, ya 1956 na ya 1957, na ya pili inaendeleza ya kwanza, kwa hiyo zifuatwe kwa mpangilio huo. Mtazame usoni anapopokea amri ya kipuuzi. Hakonyezi, wala hamwombi mtazamaji acheke. Anaipokea amri kwa moyo mweupe na kuitekeleza hadi inaharibika yenyewe. Mwigizaji anayeiga sehemu hii huku akitabasamu pembeni anaiua palepale, kwa sababu Švejk akionekana anajua kwamba anachekesha, maofisa wake wanakuwa wajinga bure na kichekesho hakina pa kusimama.

Baada ya hapo nenda kwenye filamu ya Spalovač mrtvol (Mchoma Maiti), iliyoongozwa na Juraj Herz na kutoka 1969. Hrušínský ni Kopfrkingl, mfanyakazi wa tanuri la kuchomea maiti mjini Praha wakati Wanazi wanaingia. Angalia kitana. Anamchana maiti nywele taratibu, kwa upole wa baba, kisha kitana kilekile anakipitisha kichwani mwake mwenyewe. Hashtuki, na mkono haubadili mwendo. Mtu huyuhuyu, anayemwita mkewe kwa majina ya mbinguni, ndiye atakayemuua, na sauti itabaki ileile ya mtu anayekukaribisha chai.

Sauti hiyo ndiyo inayowaponza waigaji. Wanasikia upole, wanashusha sauti, na maneno yanalegea nayo, mtazamaji anasinzia. Hrušínský alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1920 katika familia ya waigizaji wa kusafiri, na jukwaani neno lazima limfikie aliye kiti cha mwisho. Mbele ya kamera alipunguza nguvu tu, matamshi akayaacha makali kama yalivyokuwa. Jaribuni hivi mazoezini: semeni sentensi moja kwa sauti ya ukumbi mzima, mkiigonga kila konsonanti, halafu irudieni kwa mnong'ono bila kuilegeza konsonanti hata moja. Katika filamu hii kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana Herz huunganisha matukio katikati ya maneno: uso wa Kopfrkingl unajaza picha, anaendelea kusema, na kamera ikirudi nyuma tuko mahali pengine kabisa. Toni ikipanda au kushuka kidogo tu, kiungo kinaonekana. Ndiyo maana nawasihi wasitazame nakala iliyotiwa sauti ya mtu mwingine. Bora asilia yenye tafsiri ya maandishi chini ya picha.

Filamu hiyo iliondolewa kwenye kumbi muda mfupi baada ya kutoka, ikafungiwa hadi utawala wa kikomunisti ulipoanguka 1989. Hrušínský mwenyewe naye alilipa. Mwaka 1968 alikuwa ametia saini tamko la Maneno Elfu Mbili, lililodai mageuzi nchini Chekoslovakia, akakataa kuifuta saini yake, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 milango ya filamu na televisheni ikafungwa. Alibaki na jukwaa la Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Praha, alikokuwa tangu 1960. Ujasiri huo hauonekani kwenye picha yoyote, lakini usipoujua humwelewi daktari wake wa kijijini katika filamu ya Vesničko má středisková ya 1985, anayeyasifu mandhari huku gari likimponyoka. Ni mzee mwenye utulivu wa mtu ambaye hana tena cha kutishwa nacho. Mwaka 1990 alichaguliwa kuingia Bunge la Shirikisho la Chekoslovakia.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo. Mkiandika jina lake msiiache alama juu ya s: inatamkwa "sh", na kwa Kicheki mkazo huwa kwenye silabi ya kwanza, tofauti na kwetu. Wekeni pia miaka, 1920 hadi 1994, kwa sababu baba yake na mwanawe nao ni waigizaji walioitwa Rudolf Hrušínský, na orodha za mtandaoni huwachanganya. Bila miaka, msomaji atajikuta anamsifu baba kwa kazi ya mtoto.

Mpenzi wa maigizo,
Morogoro