Sweta la shule, kofia ya mtoto na vitabu vya wiki ya sikukuu

Njombe, 27 Desemba

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua na ukungu. Natumaini sikukuu imewapitia salama na wageni wamekula wakashiba. Uliniuliza nina nini kwenye sindano na ninasoma nini wiki hii nyumba ikiwa imejaa watu. Nakujibu kwa kirefu, maana najua na wewe unataka kuanza sweta la shule kabla ya Januari.

Kwenye sindano kuna vitu viwili tu: sweta la bluu nzito lenye shingo ya V, la mtoto wa miaka 8, na kofia ya mtoto mchanga. Vinatosha. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya kazi haichaguliwi kwa uzuri wake. Inachaguliwa kwa kukubali kuachwa: mlango ukibishwa hodi au sufuria ikifurika, unaiweka chini, na ukirudi unajua ulipoishia bila kukisia. Shali ya matundumatundu, yenye hesabu tofauti kila mstari, ingoje wageni waondoke.

Nianze na sweta. Uzi ni akriliki ya unene wa kati, ile inayofumwa kwa sindano ya milimita 4. Kwa kifua cha sentimita 66, gramu 300 zinatosha. Nunua madonge yote siku moja na usome namba ya rangi kwenye karatasi ya kila donge, kwa sababu uzi uliotiwa rangi siku tofauti hutofautiana kidogo. Ndani ya duka huoni, juani unaona mstari umekatiza tumboni. Ukikosa donge la namba ile ile, lile geni litumie kwenye mapindo na shingo, mahali ambapo mfumo wenyewe unabadilika na jicho halilinganishi.

Kabla ya lolote fuma kipande cha majaribio: vitanzi 30, urefu wa sentimita 12 hivi. Kioshe, kilaze kikauke, ndipo upime katikati, si ukingoni ambako kitambaa hujikunja. Tunatafuta vitanzi 22 na mistari 29 kwa sentimita 10. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya sikukuu, na hasara yake ni hii: vitanzi 82 vya mgongo kwa kipimo cha 22 vinatoa upana wa sentimita 37, mkono ukiwa mlegevu ukapata 20, vinatoa 41. Mbele na nyuma kwa pamoja, sweta limezidi kwa zaidi ya sentimita 7. Usijilazimishe kukaza uzi, maana mkono utarudia tabia yake baada ya mistari michache. Shuka hadi sindano ya 3.75 na upime tena.

Mgongo unaanza na hivyo vitanzi 82. Vianzishe kwa sindano ya 4, kisha hamia 3.25 kwa pindo la mbili wazi, mbili kinyume (wazi ni kitanzi kilicho laini upande unaokutazama, kinyume ni chenye kinundu), sentimita 5. Anayeanzisha kwa sindano nyembamba anapata ukingo uliokaza, na huo ndio hukatika kwanza mtoto anapolivuta sweta kulivaa. Baada ya pindo rudi kwenye sindano ya 4, mstari mmoja wazi na wa kurudi kinyume, hadi sentimita 28 kutoka chini. Kwapa: funga vitanzi 4 kila upande, halafu punguza kimoja kila upande kila mstari wa pili, mara 5. Vinabaki 64. Endelea sentimita 17 tangu kwapa lilipoanza, kisha 18 ni bega, 28 shingo, 18 bega.

Kifua ni vile vile, ila V inaanza pamoja na kwapa. Gawa vitanzi 41 kwa 41. Upande wa shingo punguza kimoja kila mstari wa pili mara 8, kisha kila mstari wa nne mara 6, na umalizie bila kupunguza hadi ulingane na mgongo. Begani vitabaki vile vile 18. Hapa pana hatari moja: unapunguza sehemu mbili kwa wakati mmoja, na mgeni akiingia, moja husahaulika. Chora safu mbili kwenye karatasi, "kwapa" na "shingo", na utie alama kila unapopunguza, papo hapo, kabla hujafuma kitanzi kinachofuata.

Shingo ndiyo inayotofautisha sweta la mkono mzuri. Ukiokota vitanzi pembeni ya V, chukua 3 kwa kila mistari 4. Mstari ni mfupi kuliko upana wa kitanzi, kwa hiyo ukiokota kimoja kwa kila mstari shingo inatanuka na kuchanua kama ukingo wa uyoga. Utapata kama 36 kila upande. Vile 28 vya nyuma viongeze kimoja viwe 29. Pale V inapoanzia, inua uzi ulio kati ya nusu mbili uufanye kitanzi cha katikati, ukitie pini. Ukiacha hicho cha katikati, jumla iwe witiri, ndipo kitanzi cha kinyume kitakaa kulia na kushoto kwake na ncha ya V itanyooka. Zungusha moja wazi, moja kinyume, kwa sindano ya 3.25, mizunguko 7, na kila mzunguko wa pili vitatu vya katikati vifanye kimoja. Funga kwa ulegevu, ukitumia sindano ya 4. Shingo ikifungwa kwa kukaza, kichwa hakipiti.

Mikono ifume yote miwili kwa pamoja kwenye sindano ndefu ya waya, kila mmoja na donge lake. Anzisha 42, pindo sentimita 5, kisha ongeza kimoja kila upande kila mstari wa sita, mara 12, upate 66, na uende hadi sentimita 33. Ukifuma mmoja mmoja katika wiki ya vurugu, wa pili unaelekea kutoka mrefu au mfupi. Ikipita pamoja hata kosa linakuwa sawa pande zote mbili, na aliyevaa haonekani amepinda.

Sasa namna ya kuiacha kazi. Maliza mstari kwanza kila inapowezekana. Ikishindikana, kumbuka kanuni moja: ukirudi, sindano yenye uzi unaotoka kwenye donge inakaa mkono wa kulia. Ukishika kinyume unageuza kazi katikati ya mstari, na upande mmoja unazidi kwa mistari miwili. Zungushia mpira kwenye ncha za sindano vitanzi visiteleze. Kila mistari 10 tia pini pembeni, ili baadaye uhesabu pini tu. Kitanzi kikidondoka usifumue kazi nzima. Kizuie kwa pini, chukua ndoano ya milimita 3.5, iingize kutoka mbele, na uvute uzi mmoja mmoja kuanzia wa chini kabisa hadi urudi juu. Ukiruka uzi mmoja unabaki umening'inia nyuma, na kidole cha mtoto kitaukamata tu. Na kabla ya kugusa kazi ukitoka kukaanga vitumbua, nawa kwa sabuni. Mafuta kwenye akriliki hushika vumbi.

Bluu nzito ni ya mchana. Usiku, hasa umeme ukikatika, vitanzi vyake havionekani hata kwa taa nzuri ya chaji, na kitanzi kilichopasuliwa na sindano utakigundua asubuhi. Ukilazimika, tandika kitambaa cheupe mapajani ili mwanga upite kati ya vitanzi. Ila mimi jioni nashika kofia, ambayo ni ya rangi ya maziwa.

Kofia ni vitanzi 72 kwenye sindano za ncha mbili, uzi ule ule wa unene wa kati. Kabla ya kuunganisha mduara hakikisha ukingo wote umetazama ndani. Ukijipinda hata mara moja, baada ya mizunguko michache hakuna dawa ila kufumua. Pindo sentimita 3, kisha wazi mfululizo hadi sentimita 12. Halafu gawa sehemu 8 za vitanzi 9, fuma 7 na viwili vya mwisho vifanye kimoja. Rudia kila mzunguko wa pili, kila mara kimoja kikipungua kabla ya kuunganisha, hadi vibaki 8. Pitisha uzi ndani yake, kaza, ufiche ncha. Usitie kishungi wala kifungo. Mtoto mchanga huvitia mdomoni.

Huo mfululizo wa wazi ndio unaoruhusu kusoma, kwa sababu mkono unajiendea wenyewe. Kitabu kikilazwa mezani, vibanio viwili vya nguo vinashika kurasa. Ninayosoma hivyo ni *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Hadithi inamfuata Yusuf tangu anapotolewa kwa mfanyabiashara kufidia deni la baba yake, na Kiswahili chake kinatiririka, kwa hiyo ukikatizwa unarudi bila kupotea. *Nagona* ya Kezilahabi ni nyembamba, ila usiishike na sindano. Kila ukurasa unataka kichwa chote, nami naisoma alfajiri kabla nyumba haijaamka. Hadithi za upelelezi siziwezi wiki hii. Ukiacha siku mbili umesahau nani alikuwa wapi. Utenzi nao, wenye mizani 8 kila kipande, unagombana na hesabu ya vitanzi kichwani, kwa hiyo usome mikono ikiwa mitupu au umwombe mtu akusomee wakati unashona mbavu za sweta.

Sweta likiisha lioshe kwa maji ya vuguvugu na ulilaze likauke. Usilipige pasi kabisa, wala usilianike juu ya jiko la mkaa. Joto huilegeza akriliki, na mapindo yakishalegea hayavutiki tena.

Nitumie kipimo cha kifua cha mwanao, na urefu wa mkono kutoka kwapa hadi kifundo, nikupigie hesabu ya vitanzi kabla hujanunua uzi. Niambie pia ni rangi gani shule yake wanavaa.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako wa Njombe