Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakutubi wa afya,

Shughuli za kawaida za mwaka mnazijua, sitazirudia moja moja. Semina ya wakutubi wapya wa afya ilifanyika. Jarida letu lilitoka mara mbili badala ya nne. Tovuti imehamishwa na sasa inafunguka. Salamu za pongezi na za rambirambi zilitumwa kila zilipohitajika. Kumbukumbu za vikao anazo katibu, na anayetaka azisome.

Niende kwenye jambo ambalo limesemwa zaidi pembeni kuliko vikaoni: kufika kwetu mbele ya kamati ya bunge ya afya.

Kwa miaka mingi chama kilikuwa kikiwaandikia wabunge na kujibiwa kwamba barua imepokelewa. Nilipochukua uenyekiti nilisema barua hazitoshi, nikaanza kuifuatilia ofisi ya karani wa kamati mimi mwenyewe, wakati mwingine kwa nauli yangu. Sisemi haya kujisifu. Nasema kwa sababu wapo wanaodhani nafasi ile ilishuka kutoka mbinguni. Tulipewa dakika kumi. Kamati tendaji ikaamua mambo mawili: tupeleke ombi moja tu, kwamba tafiti za afya zinazogharamiwa na fedha za umma zisomwe na umma bila malipo, na sehemu kubwa ya dakika hizo azungumze muuguzi, si mkutubi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. "Chama cha wakutubi kimekosa mkutubi wa kukisemea?" Swali hilo nimelikuta hadi msibani. Nalijibu leo, na naomba liishie hapa.

Mbunge hana ugomvi na maktaba. Ukimuuliza atakwambia anazipenda, na bajeti ikija atazipunguzia fungu. Anachotaka kujua ni nani ataumia. Yule muuguzi alieleza usiku mmoja wa zamu, daktari yuko chumba cha upasuaji, na yeye anatafuta kipimo cha dawa kwa mtoto mchanga aliyezaliwa na uzito mdogo. Muhtasari wa makala aliupata kwenye simu. Makala yenyewe ikamtaka alipe kwa kadi. Maktaba ya hospitali ilikuwa na kufuli tangu mkutubi wake astaafu, nafasi haijajazwa. Kisha akainua simu yake kuwaonyesha ukurasa ule ule, bado unadai malipo. Mjumbe mmoja aliyekuwa akisoma gazeti akalikunja. Nimekaa na wabunge vya kutosha kujua gazeti likikunjwa maana yake nini. Na lile suala la ajira zetu, ambalo baadhi yenu mnadai tulilitelekeza, si limesemwa? Tena limesemwa na mtu asiye na maslahi nalo.

Wengine wanasema tungewasimulia kisa cha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani. Kilikuwamo kwenye karatasi tuliyowagawia, ukurasa wa kwanza. Mwaka 2001 mwanamke kijana aliyejitolea katika utafiti wa pumu alifariki baada ya kuvutishwa hexamethonium. Utafutaji wa maandiko uliofanywa kabla ya utafiti ulitegemea PubMed, hazina ya mtandaoni ya kutafutia makala za tiba, ambayo wakati huo ilianzia mwaka 1966, ilhali makala zilizoonya kuhusu madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu zilikuwa za miaka ya 1950. Ni kisa kizito na nimekitumia miaka yote. Lakini ni cha mbali, na kukieleza sawasawa, hadi mtu aelewe mkutubi angesaidia wapi, kunamaliza muda wote tuliopewa.

Kuna na kundi la tatu, wanaoona tungekaa na wachapishaji tukubaliane kwa hiari badala ya kuwasumbua watunga sheria. Tazameni yaliyowapata wenzetu. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilianza mwaka 2005 kwa kuwaomba watafiti waweke makala zao PubMed Central, hifadhi ya mtandaoni ambayo yeyote anaisoma bure. Walioitikia walikuwa wachache mno. Bunge likaingilia, na kuanzia Aprili 2008 ikawa lazima, makala iwe wazi ndani ya miezi 12 tangu kuchapishwa. Agosti 2022 Ikulu yao ikaelekeza hata kusubiri huko kuondolewe, na NIH ikaanza kutekeleza Julai 2025. Miaka 20, na kilichovusha ni amri, si ombi. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaowaruhusu wasioona kupata vitabu katika maandishi wanayoweza kuyasoma, nao ulipatikana kwa sababu wakutubi walisimama bega kwa bega na wasioona wenyewe. Sasa sisi kusimama na muuguzi imekuwa kosa?

Kamati imesema itatufikiria katika taarifa yake. Nusu ya wakosoaji wangesema hivyo hivyo hata tungerudi na sheria mkononi.

Mahudhurio. Siku ile tuliwaomba mje mjaze viti vya wageni. Mlikuja kumi na mmoja, wawili wakaondoka kabla hatujaitwa. Semina ya kuzungumza na wabunge, ambayo niliiandaa mwenyewe kuanzia ratiba hadi vitambulisho, ilikuwa na viti vingi kuliko watu. Mkutano mkuu uliopita ulianza bila akidi na mnakumbuka tulivyoitafuta kwa simu.

Ada. Tuko wanachama 186. Waliolipa kamili ni 71, waliolipa nusu 23, ambao hawajalipa chochote 92. Sitataja majina, ila niliyapitia, na baadhi ya sauti kali kuhusu suala la muuguzi zimo katika hao 92. Nimeeleza hapo juu kilichotokea mambo yalipoachwa kwa hiari.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kukutana tena na kamati, kuangalia uwezekano wa kuwaona na wajumbe wa kamati ya elimu, na kuimarisha uhusiano na vyama vya wagonjwa kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu. Jarida tutajitahidi.

Namshukuru katibu, na wote waliofika siku ile, hasa wale tisa waliobaki. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na atakuwapo hadi mkutano utakapofungwa.

Mwenyekiti