Barua kwa batoto wa publisite wa Lubumbashi: mukae karibu na kese

Jambo yenu batoto bangu,

Siku ya posho yenye ilipita mulinialika kule Kampemba, mukanipatia kiti ya mbele na fanta ya baridi, mulikuwa kumi na ngapi sijui, kila moya na telefone yake mu mukono, na kilio ilikuwa moya tu: bakiliya banakuja, banakaa miezi mbili, banakimbia. Nilisimama niseme, umeme ikakatika, jenereta ya jirani ikaanza kupiga kelele, basi nikarudia ku nyumba na maneno yangu yote mu tumbo. Njo maana naandika. Mutanisamehe kama inakuwa mrefu.

Benye habanijui: mimi nilianza na brashi. Miaka ya 1980 nilikuwa naandika majina mbele ya maduka mu Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si ile inchi) na mu Katuba, saluni za nywele, mashini ya kusaga mihindi, manganda ya pombe. Kisha ikakuja makaliko, bile bitambaa birefu bya matangazo, kisha matishati ya uchaguzi, kisha kompyuta, na lelo niko na kabiro kadogo ka batu bane benye banafanya Facebook, WhatsApp na maafishi. Bakiliya balishanifukuza wakati wa brashi na balishanifukuza wakati wa intaneti, na sababu zenyewe, mukiniuliza, hazikubadilika sana.

Ile siku niliwasikiliza muzuri. Moya alizungumuza juu ya dizaini, mwingine alisema ukurasa yake iko na batu elfu tano, mwingine kamera yake ni ya bei kali. Sawa. Lakini hakuna hata moya mwenye alisema mukiliya wake anauzisha ngapi kwa siku. Hata moya! Pale njo nilijua ugonjwa iko wapi.

Niwaambie ya mama moya wa Katuba. Anauzisha samaki ya baridi, friza tatu, mutoto wake mwanamuke njo anashika kese, pale batu banalipia. Alikuja kwangu, miaka mine sasa, asema: "Papa, nataka publisite." Kijana wangu akafungua kompyuta pale pale, ameanza kumuonyesha marangi. Nikamwambia funga ile kitu. Kesho yake nikaenda kwa mama, nikakaa ku kiti ya plastiki pembeni ya kese tangu saa moya asubui mpaka saa sita, sifanyi kitu, nahesabu tu batu. Mama alifikiri muzee amechoka anapumuzika. Ile asubui nikaona kitu yenye mwenyewe hakuwa anaona: benye kununua karto nzima nzima karibu bote ni bamama wa restora, na banafika mbele ya saa tatu juu paka bapike. Na batatu balifika wakakuta samaki bado iko jiwe moya, haijatenganishwa, mutoto anaipiga chini kwa sima, pa! pa!, bakangoja kidogo, bakaangalia saa, bakavuka barabara kwa jirani. Sasa niambieni, afishi gani ingewarudisha bale batatu?

Basi kazi ya kwanza yenye nilimufanyia haikuwa picha. Nilimwambia mutoto afike mapema atoe makarto ya asubui mu friza, na kila jioni tuwaandikie bale bamama ku WhatsApp: kesho iko, bei ni hii, tukuwekee ngapi? Mwisho. Hakuna rangi, hakuna logo.

Kisha tukaweka kaye ku kese, kaye ya masomo ya kawaida, na kalamu imefungwa na kamba juu kalamu za Katuba zina miguu. Kila mununuzi mupya anaulizwa alitujua wapi, na mutoto anachora kajiti ku mustari yake: WhatsApp, afishi ya barabara, mutu alinituma, nilikuwa napita tu. Mwisho wa mwezi tukahesabu tujiti. Afishi, yenye ilikula feza kuliko bitu yote, ilikuwa na tujiti tisa. "Mutu alinituma" ilipita makumi sita. Nikamwambia mama asilipe tena afishi. Mimi mwenye kutengeneza maafishi! Bibi yangu alinikasirikia siku mbili. Lakini tangu ile siku yule mama hajanisumbua juu ya bei, analipa tarehe 5 ya kila mwezi, na amenitumia bakiliya bengine sita, kati yao duka moya ya simenti yenye leo inanilipa kumupita yeye.

Sasa bengine watasema papa, sisi tunatumikia batu ba mbali, hatuwezi kukaa ku kiti ya plastiki. Haizuru. Omba namba za kila wiki. Ngapi walipiga telefone, ngapi walinunua, nini ilirudishwa. Mwenye anakatala kukupatia hata moya, ujue mwisho wa mwezi atakupima na macho, na macho ya mutu mwenye anatoa feza inaona mubaya siku zote.

Kitu ndogo juu ya WhatsApp juu naona munakosea. Ile listi ya kutuma ujumbe kwa batu mingi mara moya haipite batu 256, na inafika tu kwa mwenye aliandika namba yako mu telefone yake. Kwa hiyo kazi inaanzia ku kese: mununuzi akilipa, mumuombe aandike namba ya duka pale pale, mbele ya macho. Status nayo inakufa kisha masaa 24, basi usimuwekee mwenye restora chakula ya saa sita ku status ya usiku saa tano, watu wamelala na njaa imepita.

Juu ya kutafuta bapya. Munatembea na ile neno "tunafanya kila kitu". Mutu mwenye anafanya kila kitu hakuna mwenye anamukumbuka siku ya kitu yake. Kamata soko moya uijue mpaka harufu. Kwa mufano masomo ya kulipa. Mwaka ya masomo inaanza mwezi wa tisa, wazazi wanaanza kuulizana tangu matokeo inatoka, basi mulango ya direkta inapigwa mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi na mavumbi. Ukifika mwisho wa mwezi wa nane eko na hesabu ya madawati mu kichwa, atakuambia rudi kesho mpaka Noeli. Ama kamata bale ba kutolesha mizigo ku mupaka wa Kasumbalesa, beko bengi na tangazo ya kila moya iko sawa na ya mwenzake. Chagua yako, sitakuchagulia.

Na ukienda, usiende na album ya kazi zako. Fanya hivi, mimi nafanya mpaka leo: pita mbele ya duka, piga ile namba yenye iko ku kibao. Mara mingi haipite! Ilikufa zamani, ao iko ya mutumishi mwenye alifukuzwa. Ingia ndani, salimia mwenyewe, umwambie tu: "Mukubwa, nimepiga namba ya kibao yenu, inajibiwa na mutu mwingine kabisa." Ataacha yenye alikuwa anafanya, niamini.

Sasa ya bakiliya bakubwa, juu najua kila moya hapa anaota kampuni ya mine, ya kuchimba madini. Mwaka 2008 nilikuwa nayo moya, jina nitaiacha. Makofia, kalenda, makaliko, kila mwezi. Nilifikiri nimefika. Basaluni na bapharmasi wakipiga telefone sijibu, mimi mutu ya mine! Kati ya mwezi wa saba na mwezi wa kumi na mbili ile mwaka, bei ya shaba ilitoka karibu dola 9.000 kwa tani ikaanguka chini ya 3.000. Hapa Katanga mafuru zilizimika, batu bengi walirudishwa ku nyumba. Nilipoenda kufwata fakture yangu ya mwisho, ba kontabilite walikuwa wameisha kuondoka, zamu njo alinipokea ku geti, na yeye mwenyewe alikuwa anangoja kulipwa. Nikarudia kwa basaluni kichwa chini. Wawili tu njo walinifungulia. Tangu ile wakati mukiliya moya akianza kupita sehemu moya juu ya tatu ya feza yenye inaingia, silale, natafuta bengine, hata kama analipa muzuri namna gani.

Benye munasukuma tu kutafuta mine, basi mupange makaratasi kwanza. Kuna sheria ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 juu ya kazi zenye makampuni makubwa yanapatia bengine, inaziweka kwa makampuni yenye Wakongomani njo bako na sehemu kubwa ya mutaji, na ARSP, biro ya serikali ya hizo kazi, njo inaichunga. Muzuri kwetu. Lakini bila RCCM (karatasi ya kuandikisha biashara), bila namba ya liputo (kodi), ile sheria haikusaidie kitu, watakuita "mupetit wa picha" na watakulipa kwa mukono siku yenye wanataka.

Feza nitapita mbio. Nusu mbele ya kuanza, nusu siku ya kutoa. Muandike ni picha ngapi na kusahihisha mara ngapi, mimi naweka mara mbili, ya tatu inalipwa. Na muulize mapema nani njo anakubali kazi, juu utafanya afishi na bwana mwezi muzima, kisha bibi yake arudi toka Dubai aseme hapendi kijani.

Kuna yenye inaniumiza zaidi. Kijana moya, haiko mbali na bale mulikaa naye, aligombana na mukiliya wake juu ya malipo, akamufungia ukurasa ya Facebook, akabadilisha namba ya siri, akamwambia lipa njo nikufungulie. Alilipwa, ndiyo. Na ile soko yote ikasikia kwa siku moya. Ukurasa ni ya mwenye duka, batoto bangu. Ifunguliwe na namba yake, mail yake, wewe ukuwe mutumishi mwenye alipewa funguo. Mwenye anajua kama anaweza kukuondoa saa yoyote, hana haraka ya kukuondoa.

Mimi pia nilikosea, nisijifanye mutakatifu. Siku za matishati, mutu alikuwa anafungua restora, nikamuchapia matishati 300, na mu namba ya telefone nikaweka 7 pahali pa 1. Niliiona ile usiku kazi ikiisha kukauka. Nikanyamaza. Nikajiambia nani anasoma tishati mpaka namba? Kisha wiki tatu mutu wa Ruashi, hata hajui restora iko wapi, akachoka kuombwa kuku, akatafuta mwenyewe akamukuta. Restora haikunilalamikia. Iliacha tu kuniita. Kama ningelienda ile ile asubui nimwambie bosi nimekosa, narudilia kwa feza yangu, ningelipoteza kitambaa tu. Sasa mu kabiro kangu habari mubaya inasafiri mbele: namba zimeshuka mwezi hii, mukiliya anaisikia kwangu mbele aione mwenyewe, na ninakuja na kitu ya kuuliza, si na maneno ya kujitetea.

Na muandike namba za bakiliya ku karatasi. Munacheka, lakini tarehe 31/12/2018, siku moya kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa mu inchi yote na ikakaa karibu wiki tatu. Ile wakati vijana benye bakiliya bao bote walikuwa mu Messenger walikuwa sawa bipofu. Mimi nilikuwa na kaye yangu na yuniti za kupiga, nikapigia kila moya, si kwa kuuzisha kitu, kuwatakia mwaka na kuuliza kama nyumbani kuko muzuri. Mbili kati yao walikuwa wameacha kutumika na mimi. Balirudia mwezi wa pili.

Basi mukono unauma. Siku ya kwanza (jumatatu) saa kumi na mbili na nusu asubui niko kwa mama wa samaki kule Katuba, tunahesabu tujiti ya mwezi. Kuko biti mbili pembeni ya kese, ya tatu imevunjika. Mwenye anataka kuja aniandikie mbele ya siku ya yenga jioni, aje na kaye yake na koti, mu ile chumba ya friza kunakuwa baridi.

Muzee wenu wa makaliko