Barua kwa mwanangu: TI au Casio?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako umenifikia, na picha ulizopiga dukani nimezitazama zote. Unauliza kati ya TI-84 Plus CE ya Texas Instruments (TI) na Casio fx-CG50 ipi bora, maana mwaka huu unaanza AP Calculus AB, lile somo la kalkulasi la kiwango cha chuo linalofundishwa sekondari huko Marekani, na mwalimu ametaka kila mmoja awe na kikokotoo cha grafu. Sikutaka kukujibu kwa kusoma sifa za kwenye boksi. Mwenzangu anayefundisha shule inayofuata mtaala wa kimataifa wa IB, ambako vikokotoo hivi ni vya lazima, ameniazima vyote viwili, nami nimekaa navyo mezani pamoja na maswali ya mitihani.

Nianze na Casio, kwa sababu ndiyo iliyonivutia. Niliipa y = x³ − 4x + 1, mlinganyo wenye mizizi mitatu, yaani mahali patatu ambapo y ni sifuri. Ukishachora unabonyeza G-Solv, unachagua ROOT, na yenyewe inakwenda kwenye mzizi wa kwanza, −2.115. Mshale wa kulia unakupeleka 0.254, ukibonyeza tena uko 1.861. Basi. TI kwa swali hilohilo inataka ubonyeze 2nd kisha TRACE, uchague zero, halafu inaanza kukuhoji: Left Bound? Unasogeza kishale kushoto kwa mzizi, ENTER. Right Bound? Unasogeza kulia, ENTER. Guess? ENTER. Mizizi mitatu, mahojiano matatu. Ukitafuta michoro miwili inapokutana, ni vilevile: TI inakuuliza mchoro wa kwanza ni upi na wa pili ni upi hata kama iko miwili tu kwenye kioo.

Casio pia inatumia betri ndogo nne za AAA, ambazo unaweza kuweka mpya asubuhi ya mtihani ukaondoka na amani. TI ni ya kuchaji. Ukisahau usiku, umesahau. Na mara nyingi bei ya Casio iko chini. Kwa hiyo ungeniuliza mashine ipi inastahili zaidi pesa yake, ningesema Casio bila kusita. Hata katika historia wao ndio waliotangulia: fx-7000G ya 1985 ndiyo kikokotoo cha kwanza cha grafu kuuzwa madukani, na TI-81 ikafuata mwaka 1990.

Lakini wewe nunua TI.

Umeniambia mwalimu wako anaonyesha skrini ya TI ubaoni na kutaja vitufe kimoja kimoja. Vitabu vingi vya huko Marekani navyo vimeandikwa hivyo, hatua za TI pembeni mwa swali. Ukiwa na Casio, kila atakaposema “2nd, TRACE” wewe utakuwa unatafuta njia yako peke yako, wakati wenzako wameshafika kwenye hesabu yenyewe. Siku za kawaida utamudu. Siku anapoingiza dhana mpya, nataka akili yako yote iwe kwenye dhana hiyo. Umebadili nchi, shule na lugha ya kufundishiwa kwa muda mfupi, na umejitahidi kuliko nilivyothubutu kukuomba. Hapa chukua njia nyepesi. Ukikwama, mtoto wa dawati la pili atakuonyesha. Kwa Casio huenda asijue.

Ile TI-Nspire CX II CAS aliyokutajia rafiki wa shangazi, iache. Inapanga aljebra na kutafuta mteremko kwa herufi, kazi unayopaswa kuizoesha mikono yako mwaka huu. AP wanairuhusu, ila ACT, mtihani wa kuombea vyuo vikuu, hawaruhusu mashine za CAS, yaani zinazofanya aljebra kwa herufi namna hiyo, na wewe unafikiria kufanya mtihani huo. SAT, ule mtihani mwingine wa vyuo, isikutie wasiwasi: sasa inafanywa kwenye kompyuta na kikokotoo cha Desmos kimo humohumo.

Tazama pia mtihani wenyewe wa AP ulivyo kabla hujatoa pesa nyingi. Maswali ya kuchagua ni 45, na 30 kati yake huruhusiwi kugusa kikokotoo. Maswali ya kujieleza ni 6, na 4 ni ya kichwa na kalamu. Penye ruhusa wanategemea mashine ifanye mambo manne: kuchora mchoro, kutafuta mizizi, kupata thamani ya mteremko mahali fulani, na kupata thamani ya eneo chini ya mchoro. TI yoyote ya jamii ya 84 inayafanya, hata ile ya zamani isiyo na rangi. Pesa hizo umezichuma kwa kusimama dukani kila Jumamosi. Nunua ya mtumba.

Ukishaipata, kwanza hakikisha inapima pembe kwa radiani, si kwa digrii. Andika nDeriv, amri ya kupata thamani ya mteremko, ya sin(X) pale X ni 0. Ikikupa namba iliyo karibu kabisa na 1, sawa. Ikikupa 0.01745, mtu aliiacha kwenye digrii, na majibu yako mengi yatakwenda kombo bila mashine kukuonya. Jibu la katikati usilikate ukalibeba kwa mkono. Lihifadhi kwenye herufi kwa kitufe cha STO, ulitumie zima, ukate mwishoni kabisa, desimali tatu. Na kwenye karatasi ya majibu usiandike lugha ya mashine. Kwa eneo chini ya mchoro, wasahihishaji wanataka alama ya ∫ na mipaka yake. Ukiandika fnInt, amri ya mashine kwa kazi hiyohiyo, hawaikubali kama kazi.

Dukani usiwe na haraka. Iwashe mwenyewe, bonyeza kila kitufe, angalia kioo kama kina mistari. Betri ya TI-84 Plus CE inachoka kwa miaka, kwa hiyo muulize muuzaji mara ya mwisho aliichaji lini na akupe na kebo. Ni ile ya mini-USB, nayo siku hizi si rahisi kuikuta nyumbani. Ukiona ya rangi ya njano, au yenye jina la shule mgongoni, iache hapohapo hata ikiwa rahisi namna gani. Za njano hutengenezwa maalumu kwa ajili ya shule ili zisipotee, na sitaki mtu akuulize umeitoa wapi.

Mwenzangu ameniachia TI yake hadi mwisho wa mwezi. Ukinunua, nipigie Jumapili tupitie maswali ya eneo pamoja, wewe na yako mimi na hii. Mama anakusalimu sana. Mfikishie shangazi salamu zangu.

Baba yako